Nilisema nitamuuliza Mjomba

Shoga, tangu Jumatatu ile Mjomba alipoanguka ofisini na kiti chake kikabaki kitupu, sijawahi kuaibika kama leo.

Unajua seva zetu zote, zile kompyuta kuu za ofisi, zinatumia ile aina ya mfumo wa Linux aliyoichagua yeye. Sasa haipati tena masasisho ya usalama, lazima tuhamie nyingine. Bosi akaniuliza mbele ya kikao kizima, "Haya mtaalamu, tuhamie ipi?"

Nikajibu, "Ngoja kwanza nimuulize Mjomba."

Nilisema hivyo, shoga. Nimuulize Mjomba! Mjomba tuliyemzika mimi na wewe tukiwa tumeshikana mikono. Mhasibu akawa anaangalia kucha zake.

Bosi akasema taratibu, "Mwanangu, wa kuulizwa sasa ni wewe."

Kwa kutafuta pa kuficha uso, nikafungua seva kwenye projekta, wote waione ukutani. Nikasahau ile salamu aliyoiweka Mjomba, inayotokea kila mtu akiingia. Ikatokea kwa maandishi makubwa: "Umekula? Usiguse seva na njaa."

Mhasibu akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Mzee huyu! Hata mimi alikuwa ananifukuza nikale."

Nimechoka, shoga. Nimechoka mpaka mifupa.

Bosi akarudia, "Ipi?" Nikasema Debian, aina nyingine ya Linux. Inatunzwa kwa miaka mingi, na ndiyo ninayoijua vizuri. Mjomba angebisha mpaka jioni. Leo hakuna aliyebisha.

Salamu yake nimeinakili pembeni, isipotee. Jumamosi asubuhi nitakula kwanza, halafu ndipo nizifute diski za seva niweke Debian.