Unga wa Chuma Uliopata Kutu

Jumamosi jioni, Kahororo. Mvua haijakatika tangu mchana. Nimelowa, nimenuna, na sitaki kuonana na mtu.

Barua niliyoingoja miezi saba ilifika jana kwa meli. Mwalimu wangu wa fizikia wa zamani, Mzungu aliyerudi kwao Uingereza, ameupiga picha ya eksirei unga wa chuma niliomtumia. Picha hiyo ingeonyesha atomi zimejipangaje ndani ya fuwele za chuma.

Kaandika mistari miwili tu: nilichokiona ni kutu, tuma unga mwingine.

Kutu!

Chuma chenyewe alikiyeyusha babu yangu, enzi za Wahaya kujitengenezea chuma. Siku hizi majembe yote madukani Bukoba yanatoka Ulaya, na wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba sisi tulikuwa na yetu. Nilitaka niwawekee picha mezani wanyamaze. Wiki nzima nilikikwangua kwa tupa, nikazivuta chembe kwa sumaku ili uchafu ubaki, nikazisaga hadi zikawa laini kama poda.

Niseme ukweli, angalau hapa. Unga huoshwa kwa spiriti. Spiriti ya shule ilikuwa imekwisha na meli ilikuwa inaondoka kesho yake. Nikauosha kwa maji, nikauanika dirishani. Kwenye barua nikaandika: umeoshwa kwa spiriti.

Nilidanganya.

Leo asubuhi nilidandia lori la kahawa hadi Kamachumu, kwa baba mdogo Kaijage. Ujanani alikuwa akimvutia babu mivukuto ya kupulizia moto wa tanuri, na nusu iliyobaki ya kile chuma anayo yeye. Nilimkuta kibanjani, shambani kwake, anaanua kahawa, wingu limeshatanda. Nikamwomba.

"Ile nusu ya kwanza iko wapi?"

"Imeharibika, baba."

"Imeharibika, au umeiharibu?"

Nikamweleza yote, hata ule uongo. Nilitegemea anifokee. Akaingia ndani, akatoka na chuma kimeviringishwa kwenye gome la mti. Akakifungua: kinang'aa samli aliyokipaka kisishike kutu.

"Chuma na maji! Mjukuu wa mhunzi, na kusoma kote huko!" Akakifunga tena. "Nitakupa. Lakini kwanza mwandikie huyo mwalimu wako kama ulivyoniambia mimi. Akikubali kuendelea na wewe, njoo uchukue."

Nikamwambia barua huchukua miezi. Akaniambia nichukue kapu, nimsaidie kahawa isilowe.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namkasirikia. Mzee mkaidi! Kumbe hasira hiyo ilitakiwa inielekee mimi. Nimepoteza miezi saba, na pia nusu ya chuma cha babu, kwa kukosa subira ya siku chache.

Nimechana karatasi mbili. Kwenye ya tatu nimeandika: "Niliuosha kwa maji, na nilijua ninachofanya."

Nifunge bahasha sasa hivi, kabla sijaanza kuirembesha barua.