Masikio ya Punda Ukutani

Jumapili, 10 Machi

Tumefungwa moja bila. Nyumbani! Na penalti tulipata, dakika ya sitini, zawadi kabisa. Deusimar, mshambuliaji wangu, akapiga juu — juu ya lango, juu ya ukuta. Nadhani mpira bado unatafutwa kwenye zizi la mbuzi nyuma ya uwanja.

Hapo jukwaa zima likanigeukia. Si yeye, mimi! "Punda! Punda! Punda!" Ndivyo wanavyomwimbia kocha akimpanga mtu wasiyemtaka. Nimeimbiwa hivyo katika klabu tisa, nimezoea. Lakini hapa, klabu ya Algodoeira, inaniuma. Hapa ndipo nilipofunga mabao tisini na nne. Hapa picha yangu ipo ukutani, mita tatu, jezi namba tisa, na nywele (wakati huo zilikuwepo).

Kisha chumba cha kubadilishia. Deusimar kajifunika taulo kichwani. Nikamwambia mbele ya wote: penalti ijayo unapiga wewe. Wakanitazama kama nimemtukania mtu mama yake.

Jumatatu, 11 Machi

Rais wa klabu kaongea redioni asubuhi. Daktari Hermógenes. Hajawahi kutibu hata kuku — anauza saruji na mabati — lakini huku kwetu mwenye mali ni daktari, yameisha. Kasema kocha Bigorna, yaani mimi, yuko imara, ana imani yote ya uongozi.

Basi nimekwisha! Brazil nzima inajua maana yake. Rais akisema uko imara, umebakiwa na mechi mbili. Lindalva alikuwa anaepua kuskusi ya mahindi. Akazima redio, akaniuliza: nitoe sanduku kubwa au dogo? Huyu mke wangu! Miaka ishirini na sita ya kufungasha vyombo, hata machozi hana tena, ana maswali ya ukubwa wa sanduku.

Nikamwambia asitoe lolote. Nimekula kuskusi sahani mbili, kwa hasira.

Jumanne, 12 Machi

Wamenichora masikio. Marefu, meusi, pale pale kwenye picha yangu ukutani. Mzee Abdias, mtunza jezi, kaja kunipa habari kofia mkononi kana kwamba kuna msiba. Daktari naye kashatuma fundi na ndoo ya chokaa, afute picha nzima.

Nikamfukuza fundi. Brashi nikabaki nayo, nikatafuta rangi nyeusi, nikajiongezea mkia. Kama ni punda niwe punda kamili, bwana! Abdias kacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka kidogo. Yuko hapa miaka arobaini, kawaona makocha hamsini na watatu wakipita. Anasema hajamwona aliyejichora mkia.

Alhamisi, 14 Machi

Mazoezi ya penalti. Deusimar kapiga kumi, kafunga tisa. Jukwaani hakukuwa na mtu, ndiyo siri yenyewe.

Wakati wa kukunja jezi Abdias aliniuliza taratibu: Bigorna, unamng'ang'ania huyu kijana kwa ajili yake au kwa ajili yako? Nikamwambia mzee, kunja jezi. Jibu nalileta hapa, maana hapa hakuna anayesoma.

Mwaka 1996. Nusu fainali, uwanja huu huu. Nilipiga, ikagonga mwamba, tukatolewa. Kocha wa wakati ule akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema: mwanangu, wewe usipige tena. Nikasema sawa, mwalimu. Sawa, mwalimu! Mimi ninayeitwa Bigorna, yaani fuawe la chuma, sawa mwalimu! Nikacheza miaka kumi na moja zaidi, klabu sita, penalti sikupiga hata moja. Refa akiuweka mpira kwenye alama, mimi nafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.

Watu wanadhani naona aibu kwa kukosa. Nani hajakosa? Aibu yangu ni ile "sawa". Hilo hata Lindalva hajui.

Jumapili, 17 Machi

Ugenini. Moja moja. Na penalti tena, jamani! Deusimar kapiga, kipa kaudaka kama padri anayepokea mtoto wa kubatizwa. Mashabiki wetu waliosafiri hawazidi sitini, lakini hao sitini waliimba punda kama elfu sita.

Tukarudi kwa basi. Ronildo, nahodha, kaja akakaa karibu nami. Kijana mwema, beki, mguu wa shuti zito. Mwalimu, kasema, nipe mimi penalti, hakuna atakayeona vibaya. Nikamwambia hapana. Tulipopita kituo cha mafuta akasema: mwalimu, una kichwa kigumu. Nikamwambia ndicho kilichofunga mabao arobaini kati ya tisini na nne.

Imebaki mechi moja. Jumapili ijayo, nyumbani. Tukishinda tunabaki daraja la kwanza. Sare — tunashuka.

Jumanne, 19 Machi

Siku ya Mtakatifu Yosefu na mvua imenyesha! Tangu saa moja asubuhi. Huku kwetu kukavu ikinyesha leo basi mwaka una mahindi. Watu wametoka barabarani, nyuso juu. Mjane wa jirani anacheza na sufuria kichwani. Lindalva kalia, yeye ambaye halii.

Mazoezi yalikuwa matope matupu. Daktari Hermógenes kaja na mwavuli na viatu vyeupe, kila hatua anazama. Akanivuta pembeni. Kwa kifupi: tukipata penalti Jumapili, apige Ronildo. Deusimar akiugusa mpira ule, nisirudi hata kuchukua filimbi yangu.

Nikamwambia Daktari, timu naipanga mimi. Wewe ukitaka kupanga, vua viatu uingie matopeni. Kasema nitajuta. Nikamwambia najuta jambo moja tangu 1996, na hilo linanitosha. Hakuelewa. Kaondoka, kiatu kimoja kikabaki. Abdias kamrudishia kwa heshima zote, amekishika kwa vidole viwili.

Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa. Nina furaha ya kijinga.

Alhamisi, 21 Machi

Kinyozi kagoma kuninyoa ndevu mpaka nimwambie nani atapiga. Wembe uko shingoni kwangu, yeye anauliza! Nikamwambia wewe nyoa tu. Wazee waliokuwa kwenye foleni wakaanza pole pole, punda, punda, huku wanacheka. Nikawaitikia kwa mlio wenyewe, wa punda haswa. Mmoja kapaliwa na kahawa.

Ijumaa, 22 Machi

Hili sikulitegemea.

Deusimar kaja nyumbani mchana. Kakaa barazani, kahawa hakuigusa. Mwalimu, penalti sipigi tena. Sauti ndogo kabisa. Mama yake katukanwa sokoni, kaacha maharage juu ya mizani na kukimbia. Binti yake ana miaka sita, wenzake wanamwimbia shuleni.

Hasira zikanipanda. Nilitaka kusema utapiga, hiyo ni amri! Mdomo nilishaufungua. Halafu nikajisikia. Kocha anaamua, mchezaji anasema sawa mwalimu. Kile kile! Mimi na yule wa 1996, mtu mmoja, tofauti nywele tu. Imenichoma mpaka nikasimama.

Nikamwambia: Deusimar, sikulazimishi. Lakini hakuna wa kukukataza pia, si mimi, si Daktari, si uwanja mzima. Ukiutaka mpira, chukua. Usipoutaka, Ronildo yupo na sitakusema kitu maisha yako yote. Kisha nikamsimulia ile "sawa" yangu. Mtu wa kwanza kuisikia.

Kaondoka. Kumbe Lindalva alikuwa dirishani, kasikia neno kwa neno. Nilidhani atanisema. Kanimiminia kahawa ya Deusimar, kaniambia: leo ndiyo umestaafu kucheza. Kisha kachukua simu yangu akaificha. Matusi yamezidi.

Jumamosi, 23 Machi

Kambini hotelini. Wachezaji wanacheza karata, Deusimar anatazama ukuta. Sijamwambia neno. Nimekula tapioka tatu, zile chapati za muhogo, na jibini, sijui ladha yake.

Jumapili, 24 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kubadilishia. Mechi inaendelea. Nimepigwa kadi nyekundu!

Dakika ya sabini na nne. Ronildo kakatwa miguu wazi wazi, refa anaangalia mawingu. Nikaingia uwanjani hatua tano — Abdias atasema kumi — nikamwambia refa nitamwazima miwani ya marehemu bibi yangu. Nje! Askari kawekwa mlangoni mwa korido. Mpole sana. Kaniambia, Bigorna, baba yangu alikuwepo ulipofunga matatu mwaka tisini na tano, lakini hutoki.

Bila bila. Ikibaki hivi tunashuka.

Redio sina. Simu iko kwa Lindalva, na Lindalva yuko jukwaani. Nina daftari hili na tundu la hewa juu ya bafu. Nasikia tu.

Ngoma. Miluzi. Ngoma tena.

Kabla ya mechi tulishikana mikono kwenye duara, Baba Yetu, kama kawaida. Deusimar alikuwa kushoto kwangu. Kiganja baridi kama samaki wa barafu. Hakuniangalia.

Wameguna. Nusura? Yetu au yao?

Kelele! Si bao, kelele ya bao naijua. Abdias kaja mbio koridoni, umri ule! Anapaza sauti juu ya bega la askari: penalti, Bigorna! Beki wao kaunawa! Dakika ya themanini na tisa! Nani anapiga, nikamuuliza. Daktari kashuka mpaka mstarini, anamfokea msaidizi wako, Ronildo, Ronildo apige! Na msaidizi anasemaje? Anatikisa kichwa kukubali. Na Deusimar? Sijamwona, kasema Abdias, akakimbia kurudi.

Siwezi kutoka. Siwezi kupiga kelele wakanisikia. Nimepanda juu ya benchi, sikio kwenye tundu, daftari nimelibana ukutani.

Kimya.

Basi ni Ronildo. Ana mguu, atafunga. Ni mtu mzuri. Sawa.

Nimeandika sawa. Mungu wangu.

Subiri.

Mtu mmoja, mbali, upande wa zizi la mbuzi. Sasa kumi. Sasa jukwaa zima, mpaka chokaa ya dari inanidondokea kichwani:

Punda! Punda! Punda!

Hawanioni, na bado wananiimbia mimi! Kauchukua! Deusimar kauchukua mwenyewe, mbele ya Daktari, mbele ya wote! Imbeni! Imbeni, jamani, punda yuko huku, anawasikia! Kwa nguvu!

Filimbi. Wamenyamaza wote.