Maji ya Alfajiri na Siri ya Sukari

Jumatatu, 7 Julai 1952
Itangazwe Nachingwea na Ruangwa yote: mkanda wa karani wa stoo ya karanga, yaani mimi, umerudi tundu moja! Siku sita za mateso hizo. Bwana Saburi, dresa wa zahanati, alichemsha mkojo wangu na dawa yake ya buluu — ukageuka rangi ya tofali. Sukari. Akanikataza chai tamu na mihogo ya saa nne. Agizo la maji baridi ni lake vilevile: kijitoni alfajiri, maji hadi shingoni, kuhesabu mia. Utoke, ujilaze mkekani umejifunika hadi joto lirudi. Kisha tena. Mara tatu. Eti mwili unachoma mafuta ukijipasha moto. Mke wangu Biasha sijamwambia. Ya nini kumtisha?

Jumatano, 9 Julai
Maji ya Julai hayana adabu. Nilihesabu hadi arobaini, nikarukia tisini. Kujilaza ndiko ninakoweza — kipaji.

Ijumaa, 11 Julai
Narudi kichwa kimelowa, nakutana na jirani yangu Lukumani anakwenda kuswali. "Siku ya kumi leo, mtani! Kila alfajiri janaba! Wenzio tukilala na mke mara moja kwa wiki tunashukuru. Unakula mizizi gani?" Nikacheka tu. Sikukanusha. Kwa tumbo hili, nani mwingine atanisifia hayo!

Jumapili, 13 Julai
Chakula kipo, maneno hayapo. Kumbe mke wa Lukumani kampongeza Biasha kisimani, mbele ya wanawake: dada, wewe bado bibi harusi! Naye anajua, nami najua: tangu mwezi uliopita sijamgusa.

Jumatatu, 14 Julai
Kafunga nguo zake. Anakwenda kwa kaka yake, Mbekenyera. "Baba Zaitun, kama umeoa, sema. Dini inakuruhusu. Lakini unaoga janaba ya nani?" Nikataja sukari. Akaguna: uongo huo nimefundishwa na nani?

Basi, ukweli. Sikumficha ili asiogope. Niliogopa mimi. Marehemu baba alianza hivihivi — kiu, mkojo, kukonda — nikadhani nisipoutaja hautakuwa ugonjwa. Na Lukumani aliponisifu, nilifurahi. Nimemwambia Biasha yote, hata hilo la kufurahi.

Kakalia bunda lake. Kisha, bila kunitazama: "Baba yako aliishi nao muda gani?"

Nikamjibu: misimu miwili ya mvua, kisha tukamzika.

Hajafungua bunda. Hajaondoka.