Suruali za polisi

Shoga, nimekimbilia intaneti kafe nikuandikie, maana siamini bado.

Dainess wetu, si unajua kazi yake ni kuwatembeza wafanyabiashara wageni, leo kampeleka mteja kwenye karakana ya nguo kule Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo hapa mjini. Jamaa katoka kisiwa kimoja cha Karibea, na njia nzima anawatukana polisi wao. Eti watu waliandamana kupinga kodi ya mafuta, wakatandikwa virungu.

Kumbe kashinda tenda ya suruali za polisi haohao. Haohao, shoga.

Dainess akamwambia fundi ashone mara mbili. Jamaa akagoma.

"Mshono mmoja tu. Wakitukimbiza, ziwachanikie."

Dainess kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akamuuliza, "Zikichanika, mpya watanunua kwa kodi ya nani?"

Jamaa akamgeukia fundi.

"Shona mara mbili."