Baba Mlango, Tumesimama Pale Ulipotuambia

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu uingie kwenye karakana ile ya ushonaji, usitoke tena.

Mtaani walikuita Baba Mlango. Kazi yako ilikuwa kuchora majengo, na swali lako la kwanza lilikuwa lile lile: moto ukiwaka, watu watatokea wapi? Hata kwenye harusi ya kifungua mimba wako ulizunguka ukumbi mzima kutafuta mlango wa nyuma kabla hujasalimiana na wakwe. Mama akakwambia, "We mzee, utatuaibisha!" Ukamjibu, "Na moshi ukija, utakumbuka aibu?"

Nyumbani hukutaka kuona ndoo wala baiskeli kwenye korido. Ulitufunga vitambaa machoni, tukapapasa ukuta mpaka nje, halafu tukasimama kwenye nguzo ya taa utuhesabu. "Haondoki mtu hapa kabla sijamaliza," ulisema. Aliyekimbilia kucheza ulimnunia siku nzima. Tulikucheka sana, jamani.

Karakana ile uliichora wewe, na kitinda mimba wetu alikuwa akishona humo. Siku ya moto ulifika mbio. Mafundi walitoka salama kwa mlango wako wa nyuma, wakakusanyika getini, pale ulipopanga wewe. Ukawahesabu. Binti yako hayupo. Wakakushika, ukawaponyoka, ukaingia motoni kumtafuta.

Kumbe alishatoka mapema. Alichanganyikiwa kwa hofu, akapita getini bila kusimama, akakimbia moja kwa moja nyumbani kwa Mama.

Tangu siku hiyo chakula hakimpiti kooni. Kila mara anauliza, "Kwa nini sikusimama?" Mama anamkumbatia na kumwambia, "Uliogopa, mwanangu. Ulinikimbilia mimi." Nasi tunalisema hapa, kila mtu asikie: hatumlaumu. Tunakujua, Baba. Ungemnunia siku nzima, basi, yakaisha. Inatuuma mno kwamba hata hiyo siku moja ya kununa hamkuipata.

Leo tumesimama kwenye ile nguzo ya taa: mkeo, wanao, mkweo, wajukuu zako na dada yako, ambaye miguu inamsumbua lakini kakataa kiti. Kitinda mimba ndiye aliyefika wa kwanza, na hajasogea hata hatua moja. Tumehesabiana kama ulivyotufundisha, kisha tukarudia. Bado anapungua mtu.

Siku zote tutakuhesabu, Baba.