Flopi Nne za Naima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi kutoka Lindi. Daktari ilibidi aniandikie kwenye karatasi. Kila aliposema nilimwitikia ndiyo, ndiyo, mpaka akagundua sikusikia hata moja. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linafuata – ni miezi, si miaka. Kuna kifaa cha kuvaa, kelele zitakuwa kubwa zaidi lakini maneno hayatakuwa safi. Ndivyo alivyoandika. Kwa daktari, mwandiko wake mzuri, hilo nampa.

Miaka ishirini na saba nachapa barua na mitihani ya shule ya sekondari. Vidole havihitaji masikio. Mkuu wa shule atanung'unika kuhusu simu, atafute mtu wa kuzipokea.

Si hilo linaloniliza. Ndani ya gari, kuanzia Mchinga mpaka Nangurukuru, niliwaza jambo moja tu: sauti ya Naima. Binti yangu alifariki Juni 2003, ana miaka mitano na miezi minne. Homa ya siku tatu. Picha ninazo mbili. Sauti yake alirekodi kaka yangu, marehemu Sadick, kwenye kompyuta ya duka lake la kuchapa hapa Masoko, nilikokuwa nachapa kazi za watu baada ya saa za shule, miezi michache kabla, akaiweka kwenye flopi, zile diski bapa za zamani. Sijawahi kuisikiliza. Siku zote nilisema ipo, nitaisikia nikipata moyo. Moyo sasa ninao. Masikio ndiyo yananiaga.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipata ndani ya sanduku la kanga. Mwandiko wa Sadick, kalamu nyekundu: NAIMA 1/4. Nikaipeleka kwa Veronika, fundi kompyuta wa karibu na stendi. Mwanamke wa Songea, hana haraka na mtu, mashine zilizokufa zimemzunguka mpaka miguuni. Akacheka kuiona flopi. Lakini kisomeo anacho! Aliagiza Dar kwa ajili ya ofisi fulani, wakakikataa, tangu hapo kinakula vumbi.

Imesomeka. Nilipiga kofi la furaha mpaka mteja mwenye fotokopi zake akageuka.

Furaha ya dakika mbili. Ndani hamna sauti. Mna faili moja lisilo na kichwa wala miguu, na programu ndogo ya kulifungulia. Ukibofya, Windows inakataa: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Veronika akanigeukia, akasema polepole nimwone midomo – amejua bila kuambiwa. Akaeleza: faili la sauti lilikuwa kubwa kuliko flopi moja. Kwa hiyo Sadick aliibana kwa programu ya enzi za DOS, akaikata vipande. Kompyuta za leo zimeacha kuelewa programu hizo. Ila ipo nyingine, ya bure, inajifanya kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya, na ile kuukuu inadanganyika.

Akaiweka. Skrini ikawa nyeusi, herufi nyeupe – niko dukani kwa Sadick kabisa, nilinusa mpaka wino. Asilimia zikapanda, ishirini na tano, zikasimama. Ikaandika: weka diski ya 2.

Veronika akaniuliza, ya pili iko wapi, mama?

Alhamisi, 7 Agosti

Sikwenda kazini. Nimekaa barazani najilaani.

Sadick alifariki 2006. Baada ya arobaini tukagawana vitu vyake vidogo vidogo – mashati, redio, baiskeli. Msimamizi alikuwa baba mdogo Haruna wa Kikole. Likatoka boksi lenye flopi nne, zote zina jina la Naima. Baba mdogo akasema marehemu alikuwa mtu wa haki, hakutaka mtu akose. Flopi nne, na waliompenda sana mtoto ni wanne. Kila mmoja achukue Naima wake. Mimi ya kwanza. Ya pili mdogo wangu Mwanaidi. Ya tatu yeye mwenyewe. Ya nne apelekewe Abdurahmani, ingawa tumeachana, maana baba ni baba.

Tulilia pale, tukamsifu kwa hekima. Tulidhani kila flopi ina mtoto mzima! Na mimi niliyekuwa nachapa kwenye kompyuta kila siku ya Mungu, nilinyoosha mkono nikachukua yangu, nikasema ahsante.

Tumemgawana kama mashati. Kwa mapenzi. Natafuta wa kumlaumu sipati.

Jumapili, 10 Agosti

Mchinga. Mwanaidi anaiweka kabatini, juu ya sahani za wageni, na kitambaa chake alichofuma. Kila Idi anaitoa, anaifuta vumbi, anairudisha. Akaniambia, "Dada, mimi huwa najisemea Naima yumo humu mzima, amelala tu."

Nikamwambia yumo robo. Nilisema kwa ukali, sijui kwa nini. Akalia sana. Akagoma kuitoa mpaka nikamwonyesha ile karatasi ya daktari. Akaisoma mara mbili, akanishika masikio yote mawili kwa mikono yake kama tulipokuwa wadogo. Nimerudi nayo, na nazi sita ambazo sikuziomba.

Jumamosi, 16 Agosti

Kikole. Baba mdogo Haruna amezeeka vibaya, lakini sauti yake bado kubwa, alhamdulillahi, yeye namsikia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko Masoko?"

Nikamweleza shida yangu. Akatazama miguu yake. Nikajua.

Septemba 2016, jua lilipopatwa. Redio ilionya watu wasiangalie kwa macho matupu. Mtu akasema utando wa ndani ya flopi unafaa, unatia giza vizuri. Kijiji kizima flopi ilikuwa moja. Baba mdogo akaipasua ganda kwa kisu, akautoa ule utando mweusi, na majirani wakapanga foleni uani kwake, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akatazama jua kupitia – kupitia kwa Naima. Baba mdogo akasema, "Niliwaambia huyu ni mjukuu wangu anawakinga macho. Nilikuwa najivuna, mwanangu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtupia kile kikombe cha uji. Mzee wa miaka themanini na mbili, machozi yanamfuata mikunjo! Nikameza.

Ganda alitupa. Utando aliuhifadhi – ndani ya daftari la madrasa la wajukuu, katikati ya kurasa, umenyooka. Duara jeusi, jembamba, lina alama za vidole vya Kikole nzima. Nimelileta daftari lote.

Jumatano, 20 Agosti

Songo Songo. Boti ilinitapisha, nimefika sina adabu wala uso. Miaka kumi na tisa sijamwona Abdurahmani. Ni seremala bado. Ana mke, Bi Hamida, na watoto wanne wakubwa. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga.

Akaacha randa, akasema, "Karibu Mama Naima."

Hakuna mtu anayeniita hivyo tena. Hakuna. Ugomvi wangu wote nikausahau palepale uwanjani, mbele ya mke wa watu, nikalia kama mtoto. Bi Hamida akaniletea maji, akatuacha. Mwanamke mwema yule, na mimi nilikwenda na nia ya kumchukia.

Flopi yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki ya Naima. Ameifungia mule miaka yote, hajaiweka kwenye kompyuta hata siku moja. Anasema kikohozi cha mtoto anakikumbuka, sauti haikumbuki. Anajaribu, haiji. Akanipa bila masharti. La, sharti lilikuwepo moja: ikifunguka nimpigie. Atasikiliza kwa simu. Nikaapa.

Jumatatu, 25 Agosti

Veronika kazi anaijua. Alichukua flopi nyingine iliyokufa, akaifungua ganda, akaufuta utando wa Kikole kwa pamba na spiriti, taratibu, akizunguka kutoka katikati, akauvisha ganda lile.

Diski ya 1, sawa. Ya 2, sawa. Ya 3 – kisomeo kikaanza kukwaruza. Mimi sikukisikia, nilimwona yeye anakunja uso. Akarudia mara saba. Vipande vingi vimesomeka, vingine havisomeki. Akasema tujaribu hivyo hivyo.

Ikafika asilimia sitini na moja. Kosa. Na programu ile ya zamani ikikuta kosa, inafuta kila ilichokwisha kutoa, kwa adabu kabisa, ili usije ukatumia kitu kibovu. Ilitoa nusu ya mwanangu ikamfuta mbele ya macho yangu. Veronika akawa anasema sana na mikono inapepea, sikumfuata. Nikachukua mkoba nikaondoka bila kuaga.

Jumanne, 26 Agosti

Umeme hakuna. Veronika ametuma ujumbe: mama usikate tamaa, flopi zote nimeshazinakili, hakuna kilichopotea, nasoma maelekezo ya ile programu.

Sikio la kushoto linapiga mluzi. Adhana ya adhuhuri nimeisikia mbali sana. Msikiti uko nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa tisa alasiri ameandika: njoo.

Nimekwenda na ndara, sikubadilisha hata nguo. Veronika amepata kwenye maelekezo herufi moja ya kuongeza mwishoni mwa amri, inayoiambia programu: ukikuta kosa usifute, acha kilichopo. Faili limetoka. Dakika tatu na sekunde nne. Akaniandikia kwenye karatasi: mpaka dakika moja na nusu ni salama. Baada ya hapo ni flopi ya tatu, inaweza kuwa sauti, inaweza kuwa mikwaruzo, sijui. Sijaisikiliza. Si mimi wa kuanza.

Mungu amlipe.

Nikasema Abdurahmani nitampigia baadaye, kwanza mimi peke yangu. Akanivisha spika za masikioni, akapandisha sauti mpaka mwisho, akatoka nje, akasimama mlangoni kunizibia watu.

Mwanzo ni vibonye vya kompyuta. Mtu anachapa, mbio mbio. Kisha Sadick anacheka – nilikuwa nimesahau kwamba alicheka kwa pua. Anasema, haya, taja jina lako.

"Naima Abdurahmani."

Nimesikia! Nimesikia kila herufi. Sauti nene kidogo kuliko nilivyodhani, ya mtu aliyetoka kulala. Sadick anamuuliza unajua kuhesabu? Anasema najua mpaka mia. Mwongo! Anaanza, moja, mbili, kwa kuimba, anapaza, kila namba inapanda juu ya mwenzake. Tatu. Nne. Nikawa nahesabu naye, nadhani kwa sauti. Tano. Sita –

"We Naima! Hebu nyamaza huko! Mtoto gani kelele kutwa, unanikoseshea kazi za watu!"

Sauti ya mwanamke. Kali, changa, haina hata chembe ya huruma. Nilimchukia kwanza. Ndipo nikamjua.

Vibonye vinaendelea. Havikusimama hata kidogo, alikuwa anafoka huku anachapa. Sadick ananong'ona, endelea mjomba, baada ya sita? Kimya. Endelea, usiogope. Kimya. Vibonye tu.

Nikabonyeza kusimamisha. Sekunde ya hamsini na tatu.

Sikumbuki siku hiyo. Hilo ndilo linaloniua. Nimekaa na siku zake zote kichwani miaka ishirini na miwili, nimezipanga moja moja, na hiyo haimo. Kwangu ilikuwa siku ya kazi.

Veronika aliniuliza kwa macho tu. Nikamwomba aniwekee kwenye flashi. Hakutaka nimlipe, nikaiacha pesa juu ya kinanda nikaondoka. Sasa niko chumbani, kompyuta ya shule niliyoazima iko mezani, flashi imechomekwa, mshale upo hamsini na tatu. Zimebaki sekunde thelathini na saba za salama. Ndani yake ama anasema saba ama hasemi. Baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye.

Abdurahmani alikuwa amepiga mara tatu, simu inawaka tu kitandani. Mara ya nne nimepokea, nimeibana kwenye sikio la kushoto. Nikamwambia imefunguka, mtoto anahesabu. Sauti yake ikawa inakatikakatika. Alikuwa analia, au mtandao. Kisha akauliza, anafika ngapi?

Nikamwambia subiri kidogo, Baba Naima. Nimeilaza simu mezani kando ya kompyuta. Hajakata. Naandika haya naye bado yuko hewani.