Rangi ya Lubumbashi, Kitanda ya Kapata

Jumatatu, 4 Agosti
Courant, umeme, imekatika tena hapa kwetu Kapata. Hesabu ya molekuli imekufa katikati, mu ordinateri, kompyuta yangu. Aka! Ile rangi yangu, molekuli yake upande moja inasukuma elektroni, ingine inavuta. Ku karatasi iko na nguvu sana. Chantal, mwenzangu wa labo kule Lubumbashi, aliipika, akaipiga na laser isiyoonekana kwa macho. Kristali ilipaswa kutoa mwangaza wa kijani. Hakuna kitu. Bila ile kijani, profesa wa labo yetu hataniita tena kule.

Jumanne, 5 Agosti
Tata, baba yangu, amesema ku meza: nyumba ni ya kampuni, yeye anaingia retraite, anastaafu. Muntu mumoja wa familia achukue kazi pa nafasi yake, ao tutoke. Bote bakaniangalia mi. Labo ya mine, kule mgodini, kupima shaba, kuanza Jumatatu. Nimechukia. Hata bukari, ugali, ilinishinda kula.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikuwa nafagia chumba ya batoto. Balikuwa bangali balala, kitanda moja, kichwa kwa miguu, kwa sababu nafasi haiko. Nikasimama na fagio mu mukono. Njo vile molekuli zangu zinalala mu kristali! Moja inasukuma huku, jirani yake kule, nguvu zinauana, njo maana kijani haitoke. Jado mudogo wangu peke yake hapangiki: alivunjika mukono, plâtre yake, ile plasta ngumu, inasumbua kila muntu.
Nimebandikia molekuli plâtre yake, kipande chenye kugeukia upande moja tu, isipate wa kulala naye vile. Nimemutumia Chantal aipike.

Jumapili, 10 Agosti
Mama amekata miguu ya ovaroli ya Tata. Inanitosha, kesho naanza kazi. Nimelia mu douche, bafuni.

Jumatano, 27 Agosti
Asidi ya labo ya mine imenichoma kidole. Alafu video ya Chantal: nukta ya kijani! Ndogo, lakini kijani kabisa! Nilipiga kelele, chef, mukubwa wa kazi, akanigombeza. Profesa ananitaka Lubumbashi mwezi ujao.
Nimemuonyesha Tata. Akaangalia, akarudilia kuangalia.
“Ni weye ulifanya?”
“Ni mi, Tata.”
“Iko muzuri, mwanangu.” Akanirudishia telefone. “Na nyumba?”
Namupenda, na leo namuchukia.

Jumamosi, 30 Agosti
Plâtre ya Jado imetoka. Amerudi kulala kichwa kwa miguu na benzake, nafasi imetosha. Nimemuelezea Chantal ku telefone namna ya kuendelea na rangi bila mi. Alilia, mi sikulia. Nimefua ovaroli. Jua iko kali, itakauka kabla ya kazi ya Jumatatu.